Ukuta Uliokataa Chokaa: Kusaka Chanzo Pale Mafuta, Maji na Jiwe Vinapokutana

Mimi ni mwalimu wa kemia, si fundi. Lakini hapa Lamu, mtaa ukishajua kuwa unasomesha kemia, huachwi ukae barazani ukanywa kahawa yako kwa amani. Mmoja atakuja kulalamika kuwa niru, ile lipu laini ya chokaa, inabanduka. Mwingine kisima chake hakipatani na sabuni. Wa tatu jahazi lake limepakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa, bamvua lililopita, na sasa deheni inavuka kama ngozi ya nyoka. Kwa muda mrefu niliyajibu malalamiko haya moja moja. Nilichelewa kuona kuwa mengi yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni huu: mafuta hayashiki jiwe. Kinachoshika jiwe ni asidi kidogo iliyomo ndani ya mafuta.

Nieleze kidogo kabla ya kuingia kwenye dalili, maana bila hili utakuwa unabahatisha tu. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa leo ni asidi za mafuta zilizofungwa tatu tatu kwenye glisarini. Vichwa vya asidi hizo vimefungwa, hazina cha kushikia. Mafuta yakikaa, yakaingiwa na maji, yakachacha, vifundo hivyo hukatika na asidi hutoka zikawa huru. Kila moja sasa ina kichwa chenye oksijeni mbili na mkia mrefu wa kaboni: kaboni 12 kwa asidi ya lauri, ambayo ni karibu nusu ya mafuta ya nazi, au 18 kwa asidi ya steariki, ambayo imejaa kwenye shahamu ya ng'ombe na kondoo. Mkia hauyataki maji. Kichwa kinaitaka kalsiamu. Na nyumba zetu ni kalsiamu tupu: matumbawe, chokaa na niru, vyote ni kalsiamu kaboneti au viko njiani kuwa hivyo.

Kwa hiyo asidi ikifika kwenye ukuta mkavu, kichwa huinama kikashika jiwe na mkia ukabaki nje. Zikisimama nyingi bega kwa bega, jiwe lililokuwa likinywa maji kama ngamia linageuka kuwa na manyoya ya nta. Huku siko kufyonzwa, mafuta yakazama ndani ya vitundu vya jiwe. Huku ni kunata juu ya uso, tabaka moja la molekuli, jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona. Molekuli moja ya asidi ya steariki ikisimama wima huchukua eneo la nanomita za mraba 0.2 hivi. Piga hesabu: gramu moja inatosha kufunika zaidi ya mita za mraba 400. Kweli, matumbawe yana vitundu vingi na uso wake halisi ni mkubwa kuliko unavyoonekana, lakini umeshapata picha. Doa usiloliona linaweza kukataa chokaa.

Anza na tone

Usinunue chochote kabla ya kufanya jaribio hili. Chukua maji safi, ya mvua au ya chupa, na ncha ya kijiko au bomba la sindano lisilo na sindano. Ukuta uwe mkavu. Weka tone katikati ya sehemu yenye matatizo, jingine pembeni yake, na jingine mbali, mahali unapojua pako salama. Kisha hesabu.

Tone likizama ndani ya sekunde 5, uso huo unapenda maji na tatizo lako si mafuta. Wataalamu wa udongo nao hutumia mpaka huohuo wa sekunde 5 kupima mchanga. Tone likisimama kama ushanga, kuna kitu kimevaa jiwe. Likisimama kila mahali sawasawa, hata kule mbali, huenda ukuta ulipakwa rangi ya dukani yenye plastiki zamani na kila mtu amesahau. Likisimama kwenye doa tu, endelea kusoma.

"Chokaa imebanduka mara ya tatu, na ni palepale"

Hili ndilo lililonifundisha. Bi mkubwa mmoja wa mtaa wa Langoni aliniita nikatazame ukuta wa daka lake, ule ukumbi wa mlangoni wenye baraza. Chokaa ilikuwa imekaa vizuri juu na chini, lakini katikati, kwa urefu wa mtu aliyeketi, kulikuwa na msururu wa madoa ya rangi ya chai ambapo chokaa ilikuwa inamenyeka vipande vipande.

"Mwanangu, hii mara ya tatu," aliniambia. "Fundi asema ukuta una kijicho."

Nikamuuliza nani hukaa pale. Akacheka. Wajukuu zake, waume zao, wageni wa jioni, kila mtu aliyewahi kuegemeza kichwa pale kwa miaka thelathini. Hicho ndicho kijicho chenyewe. Mafuta ya ngozi ya binadamu yana asidi huru nyingi kuliko mafuta mapya ya chupa, kwa sababu vijidudu vinavyoishi ngozini huvikata vile vifundo nilivyovieleza. Ongeza mafuta ya nazi ya nywele, ongeza jasho, ongeza miaka. Tone la maji pale lilisimama nikamaliza kunywa kahawa.

Kabla hujafuata njia hii, hakikisha si chumvi. Chumvi nayo hubandua chokaa, na kwetu ni adui mkubwa kuliko mafuta, hasa sehemu za chini za ukuta zinazonyonya unyevu wa ardhi. Tofauti ni rahisi: penye chumvi tone huzama haraka, chini ya ganda lililobanduka kuna unga mweupe, na ukiugusa kwa ulimi utaijua. Penye mafuta ganda hutoka kavu na safi, na upande wake wa nyuma ni laini kama umepigwa pasi, kwa sababu halikuwahi kushika. Kuna na sababu ya tatu ambayo mafundi wavivu hawaipendi: ukuta haukuloweshwa kabla ya kupakwa, ukanywa maji yote ya chokaa, nayo ikakauka kuwa vumbi. Hapo ukipitisha kiganja kitatoka cheupe.

Sasa tiba. Bi mkubwa alikuwa ameshajaribu ndimu. Naelewa kwa nini. Ndimu hung'arisha shaba na huondoa shombo la samaki. Ukutani inaharibu. Asidi ya ndimu ni fupi, inayeyuka majini, haivai jiwe ikatulia, inalila. Utaona povu, utadhani uchafu unatoka, kumbe ni ukuta unaotoka. Ile asidi ya mafuta inabaki palepale, imepata mashimo mapya ya kujificha. Siki ni hivyohivyo.

Fundi alikuwa ameshajaribu petroli. Petroli, mbali na hatari ya moto ndani ya daka lenye boriti za mikoko na mtu anayevuta sigara, huondoa mafuta yaliyolegea tu. Lakini ile safu ya kwanza, iliyokwisha kushikana na kalsiamu, imegeuka kuwa sabuni ya kalsiamu, na hiyo haitoki kirahisi kwa petroli wala kwa maji. Ndiyo maana ukuta huonekana msafi baada ya petroli na bado tone likasimama. Weka tone baada ya kila hatua. Macho yatakudanganya.

Kilichofaa ni kukwangua. Tabaka ni la molekuli moja juu ya uso, na chini yake kuna mafuta yaliyozama milimita chache, kwa hiyo ukitoa ngozi ya niru hadi tone lizame, umemaliza. Kisha lowesha ukuta jana yake na asubuhi yake, upake chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mkono ukisubiri siku. Kulowesha kuna faida mbili: chokaa haikauki haraka, na jiwe likishavaa maji kwanza, masalio ya mafuta hupata taabu kulifikia.

Kwa doa dogo kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) au nakshi usiyotaka kukwangua, kuna njia ya magadi. Yeyusha magadi kwa maji moto, changanya na udongo wa mfinyanzi safi hadi iwe nzito kama ugali, bandika unene wa kidole, funika na nailoni siku moja, kisha funua uache ikauke na ibanduke yenyewe. Magadi ni kaboneti ya sodiamu. Kaboneti huichukua kalsiamu, na asidi ikabaki na sodiamu, yaani sabuni ya kawaida inayokubali maji, ikanyonywa na udongo. Huenda ukarudia mara mbili au tatu. Usifanye hivi ukuta mzima, maana magadi nayo ni chumvi, na ikibaki ndani ya jiwe utakuwa umebadilisha ugonjwa.

Bi mkubwa alipaka chokaa mwaka huo, ikakaa. Halafu akatundika mkeka ukutani, kwa urefu wa vichwa.

"Nimemwaga mafuta sakafuni"

Hapa maswali ni mawili: mafuta gani, na sakafu ilikuwa kavu au mbichi? Nilichukua vigae vitatu vya matumbawe kutoka kwenye kifusi. Cha kwanza nilikitilia mafuta mapya ya nazi kikiwa kikavu, cha pili mafuta yaliyochacha kikiwa kikavu, cha tatu mafuta yaliyochacha lakini kwanza nilikiloweka majini usiku kucha. Baada ya siku mbili nikaviosha vyote kwa sabuni na maji ya mvua. Cha tatu kilirudi karibu kama kilivyokuwa. Cha kwanza kilibaki na kivuli. Cha pili kilikataa tone kabisa. Unaweza kulifanya jikoni kwako. Ni jaribio la bei ya nazi moja.

Jiwe lililolowa lina utando wa maji, na asidi ndefu zilizomo kwenye mafuta haziyeyuki majini vya kutosha kuuvuka. Kwa hiyo kama unajua utapika maandazi juu ya sakafu ya chokaa, imwagie maji kwanza. Mafuta yakishamwagika penye ukavu, yakamate upesi kwa majivu makavu au unga wa chokaa, usisubiri asubuhi.

Mafuta ya taa yakimwagika, usihangaike sana. Hayana asidi za kutosha kujali. Yataingia ndani, yatanuka, yataondoka taratibu. Oili chafu ya injini ya boti ni habari nyingine. Oili ikipikwa kwenye injini huungana na oksijeni ikazaa asidi zake yenyewe, na ndizo zinazosaidia weusi wake kung'ang'ania ngazi za mawe pwani hata baada ya kusuguliwa.

"Maji ya kisima hayatoi povu, na birika la kuogea lina utando"

Hili ni jepesi, nipite haraka. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe yamejaa kalsiamu. Sabuni ni asidi ya mafuta iliyoshikwa na sodiamu. Ikiingia kwenye maji hayo, kalsiamu inainyakua kabla haijafika kwenye nguo wala ukutani. Matokeo ni ule utando wa kijivu unaoelea na kuganda ukingoni mwa birika. Ukioga, ngozi hunata. Ukitaka kujua kama chanzo ni maji au sabuni, osha mkono mmoja kwa maji ya mvua na mwingine kwa ya kisima, kwa kipande kilekile cha sabuni. Tiba ni kufulia kwa maji ya mvua, au kutia magadi kidogo majini kabla ya sabuni. Utando ulioganda ukwangue kwa mti. Usitie siki kwenye birika lililopigwa chokaa, kwa sababu niliyokwisha kuieleza.

"Deheni haikushika"

Wazee wa kijiji cha Matondoni wanaounda majahazi hawahitaji mwalimu wa kemia, na nakiri kuwa mimi ndiye niliyejifunza kwao. Deheni ni shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, ikapakwa sehemu ya chombo inayokaa chini ya maji. Juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa. Ukiitazama kwa jicho la kemia, deheni ni jambo lilelile lililoharibu daka la bi mkubwa, ila hapa limetakwa: asidi za shahamu zinashika kalsiamu ya chokaa, kila punje inavaa mikia, na bahari inakosa pa kuingilia.

Ikivuka mapema, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni chokaa iliyokufa. Chokaa iliyozimwa ina ukali wa kuikata shahamu na kuziachia asidi zake. Ikiachwa gunia wazi kwa miezi, hunyonya kaboni dioksaidi ya hewa na kurudi kuwa jiwe la unga. Huo unga hupata tu zile asidi zilizokwisha kuwa huru, na shahamu iliyobaki inakaa kama shahamu. Jaribu hivi: tia chokaa kidogo kwenye kikombe, dondoshea ndimu. Ikitoa povu jingi, imekufa. Iliyo hai huyeyuka kimya kimya. Hapa ndimu ina kazi yake halali.

Kama chokaa ni hai, angalia dalili ya mchanganyiko. Deheni inayobaki laini na kupaka mikono siku mbili baadaye ina shahamu nyingi au haikupata moto wa kutosha. Inayopasuka kama udongo wa kiangazi ina chokaa nyingi mno. Na inayotoka kwa vipande vikubwa, ikiacha ubao mtupu, ni ubao uliokuwa bado na maji. Ni kanuni ileile ya kigae changu cha tatu, ila sasa inakuumiza: kilichovaa maji kwanza hakikubali mafuta. Chombo kilichopandishwa pwani maji yalipokupwa na kupakwa palepale kabla ya kukauka kitairudisha deheni baharini. Fundi akikuambia asubiri, msubiri.

"Namwagilia, lakini chini ya mchanga ni kukavu"

Jamaa zangu wa Malindi wana shamba la mchanga. Baada ya kiangazi, maji hukimbia juu kama yamemwagwa kwenye sahani, na ukichimba kidole kimoja chini ni vumbi. Watu husema ardhi imechoka. Weka tone; likisimama, mchanga umevaa nta na asidi ndefu zilizotoka kwenye majani na mizizi inayooza.

Kwanza ujue ni mchanga gani. Dondoshea ndimu au siki. Ukitoa povu una vipande vya makombe na matumbawe, na kwenye vipande hivyo asidi hushika moja kwa moja. Ukinyamaza ni kwatzi, madini ya silika yasiyo na kalsiamu. Kwatzi ndani ya maji hubeba chaji hasi, na vichwa vya asidi vikishapoteza hidrojeni, jambo linaloanza kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 5 hivi, navyo ni hasi, vilitakiwa vifukuzane. Lakini kalsiamu ya maji magumu husimama katikati kama mshenga, mkono mmoja kwa mchanga, mmoja kwa asidi. Na mchanga una uso mdogo kwa uzito wake, kwa hiyo nta kidogo inatosha kuufunika wote.

Humo ndimo ilimo tiba. Udongo wa mfinyanzi una uso mkubwa mno kwa gramu moja ukilinganisha na mchanga, na uso huo unapenda maji. Ukiuchanganya na sehemu ya juu ya shamba, ule uso uliokataa maji unafunikwa. Wakulima wa Australia wenye mchanga wa aina hii wamefanya hivyo kwa miaka, kwa matingatinga. Kwa bustani, karai zinatosha. Wakati unasubiri udongo, mwagilia kidogo kidogo mara nyingi, kwenye vishimo, na usiache mchanga ukauke kabisa, maana unapokauka ndipo hukataa zaidi. Maji yaliyotiwa sabuni kidogo husaidia mara ya kwanza, lakini usiyafanye mazoea.

"Je, niuoshe ukuta kwa maji ya bahari?"

Swali hili huulizwa na vijana waliosoma mambo ya petroli, na si la kijinga. Mafuta ya ardhini nayo yana asidi, na yakikaa kwenye mwamba wa chokaa huuvika kama mafuta ya vichwa vya watu yalivyouvika ukuta wa daka, kisha yanagoma kutoka. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1, kilichochimbwa baharini katika Bonde la Lamu, kilikuta gesi na mafuta ndani ya mwamba wa kale wa matumbawe uliozikwa chini ya sakafu ya bahari. Na kule Ekofisk, kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, maji ya bahari yamekuwa yakisukumwa ndani ya mwamba wa chaki (aina laini ya mwamba wa chokaa) tangu 1987, na mafuta yaliitikia vizuri. Maelezo yanayotolewa ni kuwa salfeti ya maji ya bahari hukaa juu ya chaki na kupunguza chaji yake chanya, kalsiamu ya majini ikapata kusogea, ikaishika asidi na kuing'oa.

Lakini mwamba ule una joto la nyuzi 130 hivi, na mbinu hii hulegea joto likishuka. Ukuta wako hapa Lamu haukaribii joto hilo hata Februari. Utakachopata ni chumvi ndani ya niru, kiangazi kikija itachanua nje kama unga, na hapo rudi juu, kwenye maelezo ya chumvi, kwenye ukuta ambao tone lake linazama haraka.